Je, wajua daraja la chuma huvushwaje mtoni bila kreni?

Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama. Hiyo ni barabara kuu, mitambo hufika. Je, kijiji kilicho mbali na lami, ambako daraja lililosombwa ndilo lililokuwa njia pekee ya kwenda ng'ambo? Kreni haipiti, na wagonjwa hawawezi kungoja.

Hapo ndipo linapohitajika daraja la Bailey. Mhandisi Mwingereza Donald Bailey alilibuni kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mpaka leo linaokoa watu. Limeundwa kwa fremu za chuma zinazofanana, kila moja ina urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 260 hivi. Watu sita wanaibeba, na kila mmoja anabeba pungufu ya mfuko wa saruji. Lori dogo linatosha kuzifikisha.

Fremu huunganishwa kwa pini nene zinazogongwa kwa nyundo, zote upande mmoja wa mto, juu ya rola zilizowekwa kwenye ukingo. Kisha daraja zima linasukumwa mbele, kwa mikono au kwa gari. Mbona halitumbukii? Kwa sababu mbele yake hufungwa "pua": fremu tupu zisizo na sakafu, nyepesi kuliko daraja lenyewe. Maadamu kitovu cha uzito wa chuma chote, yaani pale uzito wa mbele na wa nyuma unaposawazika, kiko nyuma ya rola, daraja halipinduki. Fundi husimamisha kazi mara kwa mara, anaongeza fremu nyuma, ndipo linasukumwa tena. Pua yenyewe hukunjwa juu kidogo, maana chuma kirefu kikining'inia hulegea kuelekea chini. Ng'ambo wanatakiwa watu wachache tu waliovuka kwa mtumbwi na rola zao. Pua ikishatua inafunguliwa, daraja linashushwa kwa jeki, na mbao za sakafu zinapangwa.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isiyopigwa picha: kingo. Mara nyingi mafuriko hayavunji zege. Huchimba udongo chini ya msingi na kula tuta la kuingilia darajani, hadi daraja zima linabaki limesimama katikati ya mto bila barabara. Ukiweka chuma kipya juu ya ukingo uleule uliomong'onyoka, mvua ijayo itakisomba nacho. Ndiyo maana daraja la kudumu huanza kwa kupima maji yalifika wapi, kisha msingi unateremshwa chini ya kina ambacho mto unaweza kuchimba, kingo zinajengewa mawe, na nafasi ya maji kupita inapanuliwa kuliko ya zamani.

Wakati hayo yakifanyika, daraja la Bailey linaendelea kuvusha watu, mradi pini zikaguliwe na lori lisizidishe uzito ulioandikwa kwenye kibao.