Si kila kauli inayojipinga ni kweli kinzani

"Mchango ni wa hiari, ila asiyetoa atachukuliwa hatua." Kauli za aina hii tumezizoea kwenye vikao vya mitaa hapa Dodoma, na hakosekani wa kunong'ona, "Kweli kinzani hiyo." Mwingine atasema ni utata. Wote wamekosea.

Kweli kinzani ni kauli ambayo maneno yake yanapingana, lakini ukiitafakari unakuta ni kweli. Utata ni kauli moja kubeba maana zaidi ya moja. Basi.

Kinachorukwa ni hilo neno "kweli". Kupingana peke yake hakutoshi. Chukua methali: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Kuvuja ni hasara, sasa nafuu inatoka wapi? Kwa mwenye mali haipo. Lakini aliyejitwisha, kila kinachodondoka kinampunguzia mzigo. Kimya kingi kina mshindo mkuu nayo ni vilevile. Ile ya mchango hata uigeuze vipi, adhabu imeshaiua hiari. Msemaji kajipinga, hakuna zaidi. Ila mzee mmoja akiidaka na kuiita "hiari ya lazima", hapo tamathali imezaliwa, kwa sababu ameyagonganisha maneno makusudi ili akejeli. Kauli ya namna hiyo, ya maneno yanayopingana yakawekwa pamoja, ndiyo inayoitwa tanakuzi, tena tamu kuliko zile wanazokaririshwa wanafunzi.

Wala ile kauli ya mchango haina utata. Nani alitoka kikaoni hajui kwamba atalipa?

Utata ni huu: "Baba amemuuzia jirani zabibu." Hela kapokea nani? Huenda jirani ndiye mnunuzi. Huenda jirani ndiye mwenye shamba, baba kamsaidia tu kuziuza. Kauli ya kutendea ("uza" kuwa "uzia") inaruhusu yote mawili, na ukijaribu kusaidia kwa kuongeza "zake" ndiyo unavuruga kabisa. Wapo pia wanaodhani neno likiwa na maana mbili kwenye kamusi basi sentensi nzima ni tata. "Nimenunua mbuzi mnadani Msalato": nani huenda mnada wa mifugo wa Msalato kutafuta mbuzi ya kukunia nazi? Muktadha umeshamaliza kazi.

Kwa hiyo, jamani, "kauli tata" lisiwe jina la kila kauli inayotuudhi. Kama tumeielewa vizuri na ndiyo maana tumekasirika, tuseme tu kwamba msemaji kajipinga.