Fedha ya Mtambwe, umri wa Kilwa

Ukisimama bandarini Wete, kisiwani Pemba, ukatazama ng'ambo ya maji, Mtambwe Mkuu haikuoneshi kitu: mikandaa, minazi, basi. Maji yakipwa unaingia kwa miguu. Yakijaa, ni kisiwa. Mpaka uangalie unapokanyaga ndipo unapoona vigae vya vyungu vimetapakaa kote. Wenyeji hawavishangai. Kwao pale palikuwa mji tangu hapo. Sisi wa mambo ya kale ndio tuliochelewa.

Mwaka 1984 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walifukua hapo zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Wageni ninaowapeleka huulizia dhahabu kwanza. Mimi huwarudisha kwenye fedha. Visarafu vile ni vidogo na vyembamba, ukivishika usipige chafya. Havina mwaka. Vina majina ya watawala, na mmojawao ni Ali bin al-Hasan.

Jina hilo lilikwishajulikana. Sarafu zake za shaba zilionekana Kilwa, na masimulizi ya huko humtaja Ali kuwa ndiye aliyeanzisha utawala wa Kishirazi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alimkadiria karibu na mwaka 1200. Kwa sarafu isiyo na mwaka, nani angembishia?

Hapo ndipo dhahabu inapofanya kazi yake. Dinari zile ni za Wafatimiya, watawala wa Misri wa zama hizo, na wao waliandika mwaka. Ya karibuni kabisa ni ya 1066. Dinari moja peke yake isingetosha, maana dhahabu hukaa sandukuni hata vizazi vitatu. Lakini akiba nzima isiyo na dinari hata moja ya baadaye ni jambo jingine. Aliyeifukia hakukawia sana baada ya mwaka huo, na fedha ya Ali ilikuwa tayari mikononi mwa watu. Kwa hiyo Ali alirudishwa nyuma zaidi ya miaka mia moja, na historia ya Kilwa ikarudi pamoja naye.

Kilwa imo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na kila mwanafunzi wa Tanzania anaijua. Pemba huingia vitabuni na mikarafuu, karne ya 19, kana kwamba kabla ya hapo kulikuwa na msitu mtupu. Mimi darasani huanza na kile kisarafu.