Kamera Inarekodi Lakini Haifunguki Ofisini: Kagua Maski Kwanza

Chukua duka la vifaa vya ujenzi pale Kibuye, Kisumu, lenye ghala Kondele. Mtandao huanza na kompyuta mbili na printa. Baadaye zinaongezwa kamera 16 na waifai ya wateja, vyote vikirundikwa kwenye mtandao mmoja wenye anwani za 192.168.1.0. Stima ikipotea na kurudi, kamera mbili hazionekani, na fundi anaanza kubadilisha kebo. Mara nyingi kebo ni nzima. Kilichotokea ni kwamba ruta imegawa upya anwani, na simu ya mteja imepewa anwani ambayo kamera ilikuwa imewekewa kwa mkono. Chomoa kamera hiyo, kisha piga pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama kuna kifaa kinachojibu) kwenye anwani yake. Ikijibiwa, kuna kifaa kingine kinachoitumia.

Dawa yake ni kugawa mtandao. Anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, ina biti 32 (tarakimu za 0 au 1), na maski, namba inayowekwa pamoja na anwani, ndiyo inayokiambia kifaa ni nani aliye mtandao mmoja nacho wa kuzungumza naye moja kwa moja, na ni nani wa kufikiwa kupitia ruta. Maski 255.255.255.0, yaani /24 (biti 24 za mwanzo ni za mtandao), ina anwani 256. Za kutumia ni 254: ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote.

Kwa migawanyo midogo, toa namba ya mwisho ya maski kwenye 256. Kwa 255.255.255.192, yaani /26, unabaki na 64, kwa hiyo mitandao inaanzia 0, 64, 128 na 192. Basi 192.168.50.100 iko kwenye mtandao wa 64, ambao vifaa vyake ni 65 hadi 126. Kwa biti, 100 ni 01100100 na 192 ni 11000000. Penye 1 kwa zote mbili baki na 1, kwingine weka 0: unapata 01000000, ambayo ni 64.

Dukani ningehama 192.168.1.x kabisa, kwa sababu ruta nyingi za intaneti hutumia anwani hizohizo, na ruta yako haiwezi kuwa na mtandao mmoja ndani na nje. Ofisi ipewe 192.168.50.0/26, kamera 192.168.50.64/26, wateja 192.168.50.128/26. Ruta ichukue .1, .65 na .129, na kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) kila kundi liwe na VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi hiyohiyo. Bila VLAN umegawa namba tu. Mteja mjuaji atajiwekea anwani ya upande wa kamera na kuingia.

Kamera nyingi za Hikvision hutoka kiwandani na 192.168.1.64, maski 255.255.255.0. Ziunganishe moja moja: wekea laptopu 192.168.1.10, fungua kamera, badilisha anwani, maski na lango (anwani ya ruta) pamoja. Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaandika 192.168.50.70 na kuiacha maski ya /24. Rekoda ya kamera iliyo .66 inaiona vizuri na kurekodi usiku kucha, lakini kompyuta ya ofisi iliyo .10 haiifungui. Ombi linafika kwa kupitia ruta. Kamera inapotaka kujibu, maski yake inaidanganya kwamba .10 ni jirani, inamwita kwenye VLAN yake, na kwa kawaida hakuna anayeitika. Ukiacha lango tupu, dalili ni ileile.

Kwa redio (vifaa vya mtandao usiotumia waya) za kuunganisha Kibuye na Kondele, wengi hutumia /30, yenye anwani mbili tu za kutumia. Zinatosha ruta mbili, lakini redio nazo zinataka anwani za kuzifungulia mipangilio. Tumia 192.168.50.248/29: ruta ya duka .249, ya ghala .250, redio .251 na .252, na mbili za akiba. Ghala likiwa 192.168.51.0/24, ruta ya duka ielekezwe kwamba mtandao huo unafikiwa kupitia .250, na ya ghala ielekezwe kurudi 192.168.50.0/24 kupitia .249. Ukisahau ya pili, pingi itafika ghalani na jibu halitarudi, halafu redio italaumiwa bure.