Mwaka 2024 kwenye cherehani, na kwanini gauni lako lilichelewa

"Fundi si ulisema Ijumaa?" Hilo swali nimelisikia Desemba nzima na nina uhakika kila fundi cherehani hapa Dar kalisikia, kwahiyo leo Boksing Dei ya 2024, mashine zimefunikwa na simu nimeiweka chaji chumbani, wacha niwaelezee huu mwaka ulivyoenda kwa upande wetu tunaoshona. Watu wengi wanadhani fundi anachelewesha kwa sababu ni mwongo (wapo waongo, siwatetei) ila sehemu kubwa ya shida ni foleni, na hiyo foleni mteja haioni kwa sababu yeye anaona gauni lake tu limening'inia pale halijaguswa.

Kwanza mwaka wetu unaanza kwa fujo. Shule zilifungua Januari 8 na wazazi, sijui kwanini, wanasubiri wiki ileile ya kufungua ndo wanakuja na kitambaa mkononi na mtoto mkononi. Sketi ya marinda watu wanaiona rahisi, ya mtoto si ndogo tu, kumbe marinda yakiwa kamili yanakula kitambaa kama mara tatu ya kiuno, yaani kiuno cha inchi 24 kinataka inchi 72 hivi za kitambaa hata hujaweka mshono. Alafu kila rinda lazima lipigwe pasi likae ndo ulifunge kwenye mkanda, ukiruka hiyo hatua sketi inatoka kama mwavuli. Na Januari ile mnakumbuka ilikuwa mgao wa umeme, leo upo kesho haupo. Cherehani ya miguu haina shida na umeme, unakanyaga tu unaendelea, lakini ovaloki yangu (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke) ni ya mota na pasi ni ya umeme, kwahiyo nguo zilikuwa zinashonwa mchana alafu zinarundikana zinasubiri usiku umeme urudi. Nikatoa pasi ya mkaa ya marehemu mama iliyokuwa imekaa stoo miaka, nikaifuta majivu ikapiga kazi vizuri tu. Mwezi Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, ule wa megawati 235, ukaingia kwenye gridi na hali ikaanza kutulia.

Sasa twende kwenye kipindi ambacho kwa kweli ndo kilinimaliza mwaka huu, na si Krismasi kama mnavyodhani.

Ramadhani ilianza Machi 12. Pasaka ikawa Machi 31. Idi el Fitri Aprili 10. Hesabu mwenyewe, sikukuu mbili kubwa kabisa za nguo mpya zimepishana siku 10! Miaka ya kawaida fundi anamaliza moja anapumua ndo anaingia nyingine. Na mtaani kwetu Tandika hamna wateja wa Pasaka upande huu na wateja wa Idi upande ule, wote ni majirani, wote wanakufahamu, watoto wao wanacheza pamoja, ukimpa mmoja kipaumbele mwenzie anakuona umebagua. Nguo zenyewe hazifanani hata kidogo. Za Pasaka zilikuwa za watoto, magauni ya leisi ambayo lazima uweke bitana ndani la sivyo inamkwaruza mtoto anavua kanisani, na za Idi zilikuwa kanzu na madera, kanzu ukiiangalia ni nguo iliyonyooka tu ila shingo yake ndo kipimo cha fundi, ikipinda robo inchi mtu akivaa inaonekana toka mbali.

Alafu Jumatatu ya Pasaka yenyewe, Aprili 1, gridi ya taifa ikapata hitilafu, umeme ukakata karibu nchi nzima. Ilikuwa imebaki siku tisa tu Idi ifike. Wengine siku ile walikaa nje wanapunga upepo, mimi nilikaa natoboa matundu ya vifungo kwa mkono. Tundu la kifungo kwa mkono ukilifanya kwa kutulia linadumu kuliko la mashine, uzi unapita karibukaribu na kila mara unafunga kifundo kidogo pembeni, ila linakula mda, shati moja la vifungo saba linakumalizia nusu ya asubuhi.

Kuna mtu kaniuliza kama itakuwa hivi kila mwaka. Hapana. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwahiyo Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na Pasaka nayo ina safari zake. Mwakani, yaani 2025, Idi ndo inatangulia, mwisho wa Machi mwezi ukiandama, na Pasaka ni Aprili 20, kwahiyo tutapumua wiki tatu. Ila mafundi wazee wanaokumbuka mwaka 2000 watawaambia, Idi iliangukia tarehe 27 au 28 Desemba, yaani imekaa mgongoni kwa Krismasi. Na hesabu zinaonyesha mwaka 2033 inarudi tena, safari hii kwenye Desemba 23 hivi. Vijana mnaojifunza ufundi saivi mjiandae, mimi wakati huo nitakuwa naweka vifungo tu.

Katikati ya mwaka ni harusi na sendofu, sitaki hata kuzielezea sana. Sare za kamati watu 15, kitambaa kimoja, miili 15, na kila mmoja kaja na picha yake ya mshono. Niongee kitu kimoja tu hapa: kitenge ni pamba, kinasimama, hakimwagiki. Picha unayonionyesha ni ya krepu inayoteremka mwilini kama maji, ukitaka kitenge kifanye vile hata nikikate kwa mshazari hakitafanya. Si fundi mbaya, ni kitambaa. Mwezi Juni ulitokea mgomo wa wafanyabiashara Kariakoo, maduka yakafungwa siku kadhaa, ndo nikaona jinsi fundi wa mtaani anavyoishi kwa kununua zipu mbili mbili, sare zikabaki zimekamilika kila kitu bado zipu ya mgongoni. Na dola ikapanda mpaka ikapita shilingi 2,700, vitambaa vya nje vikapanda navyo, mteja anakuja na hela ya mwaka jana. Novemba 16 likaporomoka lile ghorofa Kariakoo, pale Mchikichi na Congo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Ile mitaa sisi tunapita kila wiki kutafuta uzi na bitana. Mungu awapumzishe.

Haya, Desemba. Hapa ndo jibu la Ijumaa yako.

Kukata gauni la kitenge la mtu mzima ni kama nusu saa kama kitambaa hakina maua makubwa (yakiwa makubwa lazima uyapange yasikae ua moja kifuani na nusu ua kwapani, na hapo ndo nakuomba uongeze kitambaa unaona nakuibia). Kuunganisha ni saa mbili hivi. Nguo inakwama kwenye kumalizia. Ovaloki yangu inatumia nyuzi nne kwa wakati mmoja, kila mmoja na njia yake, na ukibadilisha rangi unakata zote nne unafungia mpya unazivuta moja moja zipite, mmoja ukikatikia ndani unaanza upya. Kwahiyo hakuna fundi mwenye akili anayebadilisha uzi kwa kila nguo. Tunakusanya. Leo nyeusi zote, kesho nyekundu, keshokutwa nyeupe na krimu. Gauni lako la kijani lilikuwa limeshonwa tangu Jumatano, lilikuwa linasubiri wenzie wa kijani wafike, na Krismasi hii kila mtu alishona nyekundu! Wa kijani mlikuwa watatu.

Baada ya hapo kuna pindo, vifungo, pasi, kupunguza nyuzi, na kuja kupima. Hapo kwenye kupima ndo tunagombana, maana mtu nilimpima Oktoba na huu mwili wa Desemba sio ule. Ndo maana nguo ya mtu mzima huwa naacha inchi nzima pembeni kwa ndani, na ya mtoto naweka pindo la inchi tatu, linakunjwa chini na mwakani linashushwa. Nguo za dukani hazina hiyo nafasi, ikibana imebana.

Nafungua tena Januari 2 kwa ajili ya sare za shule. Wa Idi leteni vitambaa Februari, na kitenge kilowekeni kikauke kabla ya kuleta kwa sababu kikiruka, yaani kikipungua, baada ya kushonwa hamna nitakachokufanyia. Na kama sketi ya mtoto ya mwaka huu bado inamkaa kiunoni usinunue kitambaa kipya, ilete tu nishushe pindo, nusu saa umeondoka nayo, ila ikiwa ya bluu uje siku ya bluu.