Kichujio cha intaneti si somo la usalama

Wapo wazazi na hata walimu wanaoamini kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kuwalinda watoto kwenye intaneti inazitaka shule kuweka kichujio, yaani programu inayozuia picha chafu, na kwamba kikishawekwa wajibu umekwisha. Imani hiyo ilikuwa na msingi wakati ule, ila sasa imepitwa na wakati. Mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo liliongeza sharti kwamba shule inayopata punguzo la gharama za intaneti kupitia mpango wa serikali uitwao E-Rate iwafundishe watoto mwenendo unaofaa mtandaoni, ikiwa ni pamoja na namna ya kuhusiana na watu katika mitandao ya kijamii na vyumba vya gumzo, na namna ya kuutambua uonevu wa mtandaoni na kuukabili.

Mtoto anayetukanwa na mwenzake kwa ujumbe hasaidiwi na kichujio, na hilo ndilo linalonifanya nilione sharti hili kuwa la maana zaidi kuliko lile la kwanza. Hata hivyo, fedha za E-Rate hulipia mawasiliano tu. Mtaala, vitabu na muda wa mwalimu shule hujitafutia zenyewe, na maudhui ya somo huamuliwa katika ngazi ya shule au wilaya.