Kabla ya Safari, Inua Zulia la Buti: Spea, Chupa ya Dawa na Tairi Linalotembea Bila Upepo

Mnunuzi wa Vitz, Passo, Demio, Fit au Note iliyotoka Japani husikiliza injini, hujaribu gia, huwasha AC na kukagua rangi hadi kwenye maungio ya milango. Zulia la buti haliinuliwi. Huja kuinuliwa usiku, kati ya Chalinze na Segera au kati ya Mtito Andei na Voi, tairi likiwa limeshakaa chini, na hapo ndipo mwenye gari anapofahamu alichonunua.

Chini ya zulia hilo kuna uwezekano wa mambo manne. Unaweza kukuta tairi kamili linalofanana na mengine manne, lakini hilo ni nadra katika magari madogo. Unaweza kukuta spea nyembamba, mara nyingi yenye rimu ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi au ya njano. Unaweza kukuta sponji nyeupe ngumu iliyochongwa nafasi za chupa ya dawa ya kuziba pancha na kompresa ndogo ya kujazia upepo, bila tairi lolote. Au usikute kitu, kwa sababu gari lilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea bila upepo. Watengenezaji waliiondoa spea ili kupunguza uzito, gharama na mafuta yanayotumika, na katika magari ya hybrid nafasi ya chini ya buti mara nyingi imechukuliwa na betri, kama ilivyo kwenye Honda Fit Hybrid. Kwa Japani uamuzi huo unaeleweka: lami ni nzuri na gari la kuvuta halichelewi. Kwa barabara zetu, hesabu ni nyingine.

Tuanze na chupa, maana ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi.

Dawa iliyo ndani ni maji mazito ya glikoli yenye chembe za mpira. Upepo unapoisukuma kwenye tundu, chembe hizo hujazana na kuganda kama kizibo. Tatizo ni kwamba dawa hii ina umri. Chupa nyingi za kiwandani hupewa takriban miaka 4, na mwaka na mwezi wa mwisho huandikwa kwenye lebo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na wengi huleta yaliyokaribia ukomo huo. Tanzania mengi huingia yakiwa makongwe zaidi. Kwa hiyo kama chupa ni ile ya kiwandani, ilishapitwa na wakati kabla gari halijapanda meli. Ongeza joto la buti la gari lililoegeshwa juani mchana kutwa. Chembe hushikamana na kutuama chini, na dawa ikisukumwa huziba valvu badala ya kuziba tundu. Anayeitegemea chupa ya namna hiyo ahesabu kwamba hana spea.

Chupa mpya nayo ina mipaka. Inaziba tundu la msumari au skrubu lisilozidi milimita 4 hivi, tena kwenye kashata pekee, yaani sehemu inayokanyaga barabara. Tairi lililopasuka ubavuni, lililochanwa na jiwe, au lililotembezwa bila upepo hadi ubavu ukasagika halizibwi na dawa yoyote. Rimu iliyopinda kwa kugonga shimo vilevile haifai, kwa kuwa upepo unatokea ukingoni.

Kama tundu ni la msumari, usiung'oe. Wenyewe ni nusu ya kizibo. Tikisa chupa, unganisha mpira wake kwenye valvu ya tairi, chomeka kompresa kwenye soketi ya kiberiti na uache injini ikinguruma ili betri isiishe. Ukiwasha, mshale wa geji utaruka hadi kPa (kipimo cha upepo) 300 au 400. Watu hushtuka na kuzima hapo hapo. Ule si upepo wa tairi, ni dawa inayopita kwenye mpira mwembamba. Baada ya dakika moja hivi mshale hushuka, na kuanzia hapo ndipo unapoonyesha hali halisi. Endelea hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kompresa ndogo huchukua kati ya dakika 5 na 20, nayo hupata moto, kwa hiyo fuata muda ulioandikwa mgongoni mwake.

Kisha ondoka papo hapo, bila kusimama kupiga soga, kwa sababu dawa husambaa tairi likizunguka. Nenda kilomita 5 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, simama, pima tena. Ukikuta chini ya kPa 130, kizibo hakikushika na safari imeishia hapo. Ukikuta zaidi ya 130 lakini pungufu ya kiwango, jaza na urudie kilomita 5. Upepo ukitulia, nenda moja kwa moja kwa fundi pancha na umwambie kabla hajaanza kazi kwamba ndani kuna dawa. Asipoambiwa, atalibandua tairi na uji ule utamwagika juu yake, na huenda akakosa mahali palipotoboka. Tairi linasafishwa, linazibwa kwa kiraka cha ndani, na valvu inabadilishwa.

Baadhi ya chupa za zamani hazipiti kwenye kompresa. Hizo unafungua kwanza kipini cha ndani ya valvu kwa kifaa kidogo cha plastiki, unakamua dawa kwa mkono, unarudisha kipini, ndipo unajaza upepo. Kipini chenyewe ni kidogo sana. Kikiangukia mchangani usiku kimepotea, na kikirudishwa na mchanga kitavujisha. Kiweke juu ya kitambaa safi au kwenye kifuniko cha chupa.

Spea nyembamba ni bora kuliko chupa, mradi ijulikane ilivyo. Ubavuni utasoma kitu kama T125/70D15. T inaonyesha ni ya muda. 125 ni upana kwa milimita. 70 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu. 15 ni rimu kwa inchi. Pembeni huandikwa kilomita 80 kwa saa, na kPa 420. Namba hii ya mwisho ndiyo isiyofuatwa. Fundi pancha hutumia psi, na njia rahisi ya kubadilisha ni kugawa kPa kwa 7: 230 ya tairi la kawaida ni psi 33, na 420 ya spea ni psi 60. Ukimwambia tu "jaza upepo" ataweka 33 kama kwenye mengine, na tairi hilo jembamba likibeba robo ya gari kwa nusu ya upepo wake litachemka na kupasuka. Tena tairi lisilotumika huvuja taratibu. Likipoteza psi 1 kwa mwezi, mwaka mmoja baadaye lina 48. Pima spea kila miezi mitatu, na siku moja kabla ya safari ndefu.

Kwa nini haitakiwi kwenda mbali? Fanya hesabu. Tairi la 175/65R15 lina kipenyo cha milimita 608 hivi. Spea ya T125/70D15 ina 556. Katika kila kilomita moja, spea inazunguka takriban mara 49 zaidi ya mwenzake wa upande wa pili. Magari mengi madogo huvutwa na matairi ya mbele, kwa hiyo spea ikifungwa mbele, tofauti hiyo yote inamezwa na difu iliyo ndani ya gia boksi, yaani gia zinazoruhusu tairi moja lizunguke kwa kasi kuliko mwenzake. Difu imetengenezwa kwa ajili ya kona. Hapo unailazimisha kukata kona Morogoro mpaka Dodoma. Zaidi ya hapo breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, na mpira wa milimita 125 hauna mshiko wa kutosha, hasa lami ikilowa.

Kwa hiyo pancha ikiwa ya mbele na safari ikiwa bado ndefu, ni busara kupiga jeki mara mbili: spea ifungwe nyuma kwanza, tairi zima la nyuma lihamie mbele. Ni dakika 15 zaidi. Kama mji uko kilomita chache mbele na barabara ni kavu, funga mbele uende polepole. Spea mbili kwa pamoja haziruhusiwi kabisa. Taa ya ABS ikiwaka, tofauti ya mzunguko inaweza kuwa sababu, na huzima tairi la kawaida likirudi.

Angalia pia umri. Kila tairi lina alama ya DOT inayoishia na tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Spea ya gari lililotumika mara nyingi ina umri ule ule wa gari. Kashata zake zinang'aa kama mpya kwa sababu haijawahi kukanyaga barabara, lakini mpira unazeeka hata ukiwa gizani. Ikitimiza miaka 10 itolewe, na kabla ya hapo ikunje kidogo kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa ubavuni.

Matairi yanayotembea bila upepo utayakuta zaidi kwenye BMW na Mini. Hutambulika kwa maandishi ubavuni: RFT kwa Bridgestone, ROF kwa Goodyear, SSR kwa Continental, ZP kwa Michelin. Ubavu wake una mpira wa ziada, mgumu, unaoweza kubeba gari upepo ukiisha wote, kwa kawaida kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ni kitu kizuri mjini na kwenye barabara kuu zenye miji ya karibu. Kasoro zake huku kwetu ni tatu. Ubavu mgumu haumezi shimo, hivyo kishindo kinaishia kwenye rimu na rimu inapasuka. Mashine ya kawaida ya kubandulia tairi inaling'ang'ania hadi inachana ukingo wake. Na likishatembezwa bila upepo, uharibifu wa ndani hauonekani kwa nje, ndiyo maana watengenezaji wengi hawashauri kulitengeneza.

Kuna mtego mwingine hapo. Matairi hayo ni ghali, kwa hiyo mwenye gari huweka manne ya kawaida, gari linakuwa laini, anafurahi. Amesahau kwamba gari lile halikuwahi kuwa na spea, jeki wala spana. Pancha ya kwanza inamkuta mikono mitupu. Ukibadilisha matairi, siku hiyo hiyo nunua spea na vifaa vyake. Na ukibaki nayo, taa ya upepo kwenye dashibodi lazima iwe inafanya kazi, kwa kuwa ubavu ule hausinyai na kwa macho hutajua upepo umeisha.

Kama gari lako lilikuja na chupa, inawezekana kabisa kulitafutia spea. Toa ile sponji uone kama chini kuna shimo la mviringo. Pima upana na kina kwa futi kamba kabla ya kwenda dukani, maana shimo lililochongwa kwa tairi jembamba halimezi tairi kamili na sakafu ya buti itainuka. Rimu ilingane na matundu ya nati: Vitz, Passo, Demio, Fit na Note hutumia nati 4 kwenye duara la milimita 100. Tundu la katikati ndilo linalosahaulika. Toyota ni milimita 54.1, Honda 56.1, Nissan 60.1, kwa hiyo rimu ya Vitz haiingii kwenye kitovu cha Note hata kama nati zinalingana. Nati nazo zina meno tofauti: Toyota, Honda na Mazda ni 12 kwa 1.5 (kipenyo cha boliti na nafasi ya jino hadi jino, kwa milimita), Nissan na Suzuki ni 12 kwa 1.25. Kuilazimisha isiyo yake huharibu meno ya boliti. Ukishanunua, ifunge garini ukiwa nyumbani, mbele na nyuma, uone kama rimu haigusi breki.

Kuhusu kubadilisha kwenyewe, makosa hujirudia. Nati zilegezwe nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Handbreki hushika matairi ya nyuma, kwa hiyo ukinyanyua nyuma imebaki kushika moja tu: weka mawe mbele na nyuma ya tairi la mbele. Jeki ikae kwenye alama mbili zilizokatwa chini ya kizingiti cha mlango, na kama ni udongo laini, chini yake weka ubao. Kaza nati kwa kuvuka, yaani kutoka moja kwenda inayoielekea, si kwa kuzunguka. Nguvu inayotakiwa kwa Toyota ndogo ni Nm 103. Kwa spana ya urefu wa sentimita 25 hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 42 mwishoni mwake, kwa hiyo kuirukia kwa miguu ni kuzidisha. Kaza tena baada ya kilomita 50. Mawe na matawi uliyotandaza barabarani kutahadharisha wenzako yaondoe, pikipiki inayokuja usiku haitayaona.

Mwisho kagua kama kila gurudumu lina nati moja isiyofanana na nyingine. Hiyo ni nati ya kuzuia wezi, na hufunguka kwa kichwa chake maalumu tu, ambacho katika magari yaliyotumika mara nyingi kimebaki Japani. Kitafute kwenye droo ya dashibodi, kwenye mfuko wa jeki, na ndani ya ile sponji. Usipokiona, fundi atagongelea soketi juu ya nati na kuing'oa kwa nguvu. Kazi hiyo ifanywe gereji, mchana, na nati nne za kawaida ziwe zimeshanunuliwa.