Je, wajua Chardonnay si Pinot iliyopoteza rangi?

Kwa miaka mingi zabibu nyeupe ya Chardonnay, mzaliwa wa Burgundy huko Ufaransa, iliitwa Pinot Chardonnay. Wengi waliamini ni Pinot Noir iliyopoteza weusi wake. Imani hiyo ilikuwa na msingi, maana Pinot Blanc ilitokea hivyo hasa: jicho moja la mzabibu mweusi lilichipuza tawi lenye zabibu nyeupe, mkulima akakata pingili yake na kuipanda. Pinot Blanc ni Pinot Noir ileile, ila ngozi ya tunda imebadilika.

Chardonnay na Pinot Blanc zinafanana mno, na nchini Italia zilichanganywa shambani kwa muda mrefu. Ukitaka kuzitambua, tazama pengo lililo pale kikonyo kinapoungana na jani. Kwenye Chardonnay, mishipa inayopakana na pengo hilo huwa mitupu, haina nyama ya jani upande wa ndani. Kwenye Pinot Blanc, nyama ya jani huizingira.

Jibu la asili ya Chardonnay lilipatikana mwaka 1999. John Bowers na Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzao wa Ufaransa, walilinganisha vinasaba vya aina zaidi ya 300 za zabibu. Kila alama ya kinasaba huwa na nakala mbili. Tawi lililobadilika rangi hubaki na nakala zote mbili za mzabibu wake, lakini mtoto wa mbegu hupata moja kwa kila mzazi. Chardonnay ilikuwa na nakala moja ya Pinot. Ya pili ilitoka kwa Gouais Blanc, zabibu iliyodharauliwa na hata kupigwa marufuku mara kadhaa. Wazazi hao hao wamezaa aina 16 katika utafiti ule, zikiwemo Aligoté, Melon na Gamay, ambayo ni nyeusi!

Ndugu wa damu wanawezaje kutofautiana hivyo? Chukua mabomba mawili yanayojaza pipa moja la rangi. Moja likiziba, rangi bado inaingia. Yakiziba yote mawili, pipa hubaki tupu. Bomba hapa ni nakala ya jeni inayoamuru ngozi itengeneze rangi, na kizibo ni kipande cha DNA kilichojipachika mbele yake. Pinot Noir ina bomba moja wazi na moja lililoziba. Gouais Blanc yote yameziba. Kwa hiyo takriban nusu ya watoto wao hutarajiwa kuwa weupe. Pinot Blanc ilifika kwenye weupe kwa njia nyingine: lile bomba lililokuwa wazi liling'olewa kabisa.

Uchunguzi wa vinasaba vya kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani ndani ya seli za jani, ambazo mzabibu huzirithi kwa mama, ulionyesha baadaye kuwa mama wa Chardonnay ni Gouais. Pinot ilitoa chavua. Lakini vinasaba hivi havitaji mwaka wala shamba ambako uzazi huo ulitokea. Tena hoja inayotolewa kwamba watoto hawa walistawi kwa sababu wazazi walikuwa mbalimbali sana kiukoo inahitaji tahadhari, kwani uchambuzi wa jenomu (seti nzima ya vinasaba) wa 2018 ulikuta dalili za undugu kati ya wazazi hao.

Kwa mkulima, mbegu haifai. Chardonnay ikijichavusha, watoto wote watakuwa weupe kwa kuwa mabomba yote yameziba, lakini ladha, mavuno na muda wa kuiva vitatofautiana mche kwa mche. Ndiyo maana huzalishwa kwa pingili, na mara nyingi huunganishwa juu ya shina linalostahimili filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi.